Sindano ya Zizini

…na huyu Sista Euphrasia mbona hana haraka, anagonga kichupa kwa ukucha, anachanganya dawa na maji, anasubiri mapovu yatulie, na Robi amekaa ukingoni mwa kitanda ameshika mguu wa mwanawe Dorkas, ule mzima, ule mwingine unanuka usaha hata mgonjwa wa kitanda cha pili kageukia ukutani, miaka minane tu Mungu wangu, mwiba tu, mwiba wa shambani kule Nyamuswa… "Bakteria huyu ana ngozi yake, mama," ndivyo daktari alivyosema asubuhi, taratibu, "dawa hii inavutwa na ile ngozi kama msumari na sumaku, inajichomeka, inaitoboa, vya ndani vinavuja, anakufa," na ngozi ya mwanangu je, alitaka kuuliza, daktari akamuwahi, ya mtoto haiivuti hivyo, ila figo, dawa hii inaweza kuziumiza, ndiyo maana nakuuliza, ameshachomwa sindano yoyote? na Robi, kwa kinywa hiki hiki anachosalia, akajibu hapana… hapana! Angesemaje? Zahanati ya kijijini tupu, hata aspirini hakuna, maduka siku hizi yamejaa sabuni na redio za nje lakini dawa hamna, ndipo shemeji yake Machage akatoka zizini na kichupa cha ng'ombe, "Shemeji, mbona ndama tunachomaga na wanapona?" akachoma siku nne, bomba lile lile, na aliyembana mtoto kwa magoti ni nani, si yeye Robi… akisema watamcheka wodi nzima, mama aliyemfanya mwanawe ndama, watamwitia Machage polisi, na mume atauliza ndugu yangu amekukosea nini… "Mama Dorkas, mgeuze kidogo," sauti ya sista, haya, geuza, amekuwa mwepesi jamani, shuka kavu… kavu? Tangu jana jioni kavu, na beseni kavu, na yeye alikuwa anashukuru hana cha kufua, mjinga wee, anashukuru! mtoto hajakojoa, figo, ndizo hizo alizozitaja daktari, basi dawa ya zizini imeshafika huko, na hii nayo inaenda kuikuta… wacheke, wacheke mpaka wachoke, mume aseme, Machage afungwe, sindano bado iko juu, sista anatoa hewa, tone moja linaning'inia nchani, na Robi haogopi tena mtu humu ndani, anaogopa tone lile tu, "Sista," anasema, "mimi nilimdanganya daktari."