Bawa la Chini

Katika nyumba ya mzee fundi saa, ndege ile ya mfano haikuruhusiwa kuwa na kitu chochote cha dukani. Sharti lilikuwa la mzee mwenyewe, na mzee akishaweka sharti hakuna wa kunyanyua mdomo. Ilikuwa ndege ya mabawa mawili, moja juu ya jingine, mfano mdogo wa ile ambayo baba yake alikuwa akiitengeneza injini enzi za ujana wake. Mbavu za mabawa zilichongwa kutoka mguu wa kitanda alichozaliwa mzee. Nyaya zilizoyakaza zilikuwa za gitaa la mjomba, na magurudumu yalitoka kwenye saa ya ukutani iliyogoma kufufuka. Bawa la juu lilivikwa gauni la mama mzazi wa mzee. La chini lingevikwa shati la kazi la mwana mkubwa wa mzee, marehemu, na ndege ikikamilika angeirithi binti aliyemwacha tumboni mwa mkewe. Nyumba nzima ilimwita mtoto huyo Maswali, na hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini.

Kuvika mabawa ilikuwa kazi ya dada wa marehemu, fundi cherehani. Hapo ndipo alipovuruga. Mwanamke aliyewagombeza wanafunzi wake kila siku wajaribu pasi kwanza kwenye pindo, siku hiyo yeye mwenyewe hakujaribu. Alikuwa akibishana na mteja mlangoni kuhusu mikono ya blauzi, akaiweka pasi mgongoni mwa shati akidhani ni pamba tupu. Kumbe lilikuwa na nailoni. Alipoinyanyua, nusu ya mgongo ikaja nayo.

Na mgongo ndio pekee uliokuwa na upana wa kuvika bawa bila mshono. Alilia, akajifuta, akaenda dukani akapata kitambaa cha buluu ileile ya shati, utadhani vimetoka jora moja. Mabaki ya shati akayasukumia kwenye droo ya cherehani. Alijiambia atasema kesho, na kesho ikazaa kesho nyingine.

Kilichomkondesha ni mama yake. Tangu bawa livikwe na kupakwa vanishi, kila jioni mama alipita pale dirishani ndege ilipowekwa, akalaza kiganja juu ya bawa la chini, akasimama kidogo. Siku moja alimwambia bintiye, "Unajua bado ana joto?" Joto lilikuwa la jua lililopiga kioo mchana kutwa. Fundi aliitikia, "Ndiyo, mama," akajichukia hadi chakula kikamshinda.

Siku ya kumkabidhi Maswali ndege yake ikafika. Mama, ambaye macho yalikuwa yameanza kumtupa mkono, alimwita mjukuu karibu. Akamsimulia jinsi baba yake alivyolichana shati lile kwenye msumari, mgongoni karibu na bega, na yeye akalishona kwa uzi mweupe kwa kuwa wa buluu ulikuwa umekwisha. Kijana alinuna wiki nzima, lakini shati akalivaa.

"Hebu nitafutie huo uzi," alisema.

Mtoto akainama. Akatazama bawa juu, akatazama chini, akasema hauoni. Bibi akamwambia atafute vizuri, asiwe na haraka. Akatafuta tena. Mzee naye akachomekea kwamba watoto wa siku hizi macho yao ni ya televisheni tu. Maswali, ambaye hajawahi kuishiwa maneno, akanyamaza, midomo ikaanza kumcheza.

"Labda sijui kutafuta," akasema.

Fundi akasogea karibu na mtoto. Kosa lilikuwa lake, na anayeaibika ni mtoto wa kaka yake.

"Hajakosea huyo," alisema. "Uzi haupo, mama. Shati haliko hapo."

Akaenda kwenye cherehani, akaleta mabaki, akayaweka mapajani mwa mama. Akasimulia yote, pasi, mteja, duka, bila kujitetea. Mama alilipapasa shati hadi vidole vikaufikia uzi wake begani, mzima kabisa, kiganja kimoja tu kutoka pale pasi ilipokula. Kwanza alimvuta mjukuu, akamwomba radhi. Kisha akamgeukia bintiye.

"Ungeniambia siku ileile, ningelia siku ileile. Sasa leo nimemzika mara ya pili. Na jioni zote hizo nilikuwa nasalimia kitambaa."

Fundi aliomba msamaha. Neno lilimtoka likiwa dogo mno.

Kipande chenye uzi mweupe kilitosha kuvika mkia tu. Alikivika kesho yake, pasi ikiwa baridi, Maswali akimshikia pini na kuuliza kila pini inakwenda wapi. Mzee hakugusia sharti lake hata mara moja, na hilo lilimuuma fundi kuliko kugombezwa.

Mama alimsamehe. Alilisema kwa mdomo wake, na hakuwa mtu wa kusema asilolimaanisha. Jioni mkia ulipokwisha kuvikwa alipita dirishani kama kawaida, mkono ukajiinua wenyewe kuelekea bawa la chini, ukasita hewani. Fundi, sindano ikiwa mkononi, aliomba kimoyomoyo uende mkiani, uguse tu. Mama akaurudisha mkono kifuani, akauliza kama chakula kimeiva, akaenda zake jikoni.