Sauti ya Nani Kwenye Santuri

Odeta alisalimia mara mbili, na mara zote Mama Princess alijifanya anatafuta kitu chini ya kochi.

"Shikamoo, mama."

"Kakuita nani wewe?" Mama Princess akasema mwishowe. "Leo hapa kuna mgeni wa redio. Siyo msiba huu, kila mtu anajijia tu."

Odeta akaingia hivyohivyo, akakaa kwenye stuli ya mlangoni, kandambili mkononi. Alikuwa katembea na jua lote kutoka Buzuruga mpaka Igoma, na njia nzima alikuwa anajifundisha kusema kitu kimoja tu: aliyeimba ni mimi. Akayarudia tena kimoyomoyo.

Mambo yalianza hivi. Odeta na Mihayo, fundi redio wa hapo Igoma, walikuwa wanarekodi nyimbo kwenye kibanda cha Mihayo, mablanketi yametundikwa ukutani, kwenye kaseti za bei rahisi. Gitaa la Mihayo lilipita kwenye redio mbovu, likawa linavuma kama liko ndani ya pipa. Odeta aliimba chinichini kwa sababu ya aibu. Wakajiita Bendi ya Ukungu. Watu walicheka mpaka basi. Muziki wa kulazia wagonjwa huo, walisema, na huyo dada ana sauti nzito kama honi ya feri ya Kamanga. Halafu Mihayo akaanza kumfuatafuata Princess, mwenye kasauti kembamba, akamwambia Odeta apumzike kidogo. Kapumzishwa mpaka leo.

Kumbe Mzungu mmoja aliyekuwa anachimba visima Sengerema alikuwa kanunua kaseti zao zote. Aliporudi kwao akachagua nyimbo alizozipenda, akazikusanya kwenye santuri moja kubwa. Alipoomba picha ya mwimbaji, Mihayo akamtumia ya Princess. Sasa Victor, mtangazaji wa mojawapo ya hizi redio mpya za watu binafsi, kaja nayo Mwanza, anataka kumhoji mwimbaji ili asikike nchi nzima.

Odeta alikuwa kamtumia Victor ujumbe: kabla hujamhoji mtu, tuisikilize wote. Lakini gramafoni ziko wapi siku hizi? Kila nyumba ina redio kaseti ya Dubai. Inayozunguka bado ni ya Mama Princess, aliyobaki nayo baada ya baa yake kufa.

"Haya, tusikie," Victor akasema. Princess na Mihayo walikuwa wamekaa kwenye kochi mbele yake. Akaichomoa santuri kwenye ganda lenye sura ya Princess.

Sindano ikashuka. Ikakwaruza, halafu ikatoka sauti nyembamba, imechangamka, inalia kama kifaranga.

"Si mnanisikia?" Princess akapiga makofi.

"Hiyo honi ya feri iko wapi hapo?" mama yake akauliza, anacheka mpaka kitenge kinamfunguka. "Mwanangu, jitu likikosa bwana linatafuta redio!"

Victor akavuta kiti karibu na Princess, akawasha kinasa sauti chake.

Odeta alitamani ardhi immeze. Sauti ile hakuijua. Labda Mihayo kamfuta kweli, akarekodi upya na huyu. Akashika kitasa cha mlango aondoke zake. Hapo ndipo gitaa likaingia, linakimbia kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Odeta akageuka. Wimbo ule walikuwa wanaupiga taratibu, polepole kabisa. Akamtazama Mihayo. Mihayo alikuwa anatazama viatu vyake.

"Mihayo. Hilo gitaa ulilipiga hivyo?"

"Hivyo vipi?"

"Linakimbia."

"Mashine ya zamani, bwana. Kaa chini."

"Wewe fundi, unajua kabisa. Hii inazungusha spidi ya santuri ndogo, zile zinazokwenda mbio. Rudisha spidi yake."

"Swichi ilishavunjika!" Mama Princess akadakia. "Na ukiigusa mashine yangu nakukata huo mkono."

Odeta akazitupa kandambili, akaenda, akaweka kidole pembeni mwa santuri, akakandamiza kidogo. Ikapunguza mwendo. Gitaa likatulia, likaanza kuvuma. Na kile kifaranga kikashuka, kikashuka, kikawa sauti nene ya mwanamke anayeimba kwa aibu chumbani kwake. Hakuna aliyecheka.

"Nani huyo?" Victor akauliza.

"Ni mimi."

"Anaharibu sauti yangu!" Princess akapiga kelele. "Mihayo, si uongee!"

"Basi imba kidogo, dada, tulinganishe," Victor akamwambia. Princess akafumba mdomo. Mama yake akatoka nje anaita majirani waje wamwone mchawi anayemvunjia vyombo.

Mihayo akasogea, akamwinamia Odeta sikioni. "Toa kidole. Unanifedhehesha mbele za watu."

"Sitoi."

"Nitakuja kukufanyia kitu kibaya wewe."

"Ulishafanya."

Kidole kilikuwa kinaungua sasa, na mlangoni majirani wameshaanza kusukumana. Victor akaleta kinasa sauti mpaka kidevuni kwa Odeta. "Jina lako, dada?"

"Odeta Shimba," akasema kwa sauti yake yote, mpaka waliokuwa barazani wakanyamaza. "Gitaa ni la huyu Mihayo, hilo siwezi kumnyima. Mengine yote kakudanganya."

"Umeshasema," Mihayo akasema, meno yamekazana. "Sasa toa kidole, utoke."

"Wimbo haujaisha," Odeta akajibu.