Rukeni Tusikie

Dalali alipofungua mlango wa nyumba ya tatu, fundi cherehani hakuangalia jiko wala choo. Aliwageukia wanawe.

"Haya, rukeni."

"Shemeji, usianze tena," akasema kaka wa mumewe, ambaye watoto walimwita baba mkubwa. "Hili jengo la watu wa heshima."

"Na hawa ni watoto wa heshima. Rukeni tusikie!"

Tangu wahamie nchi ile ya ugenini, familia ilikuwa imejibanza kwa baba mkubwa, ghorofa ya juu. Jirani wa chini alikuwa na mpini wa fagio na hasira za kutosha: mtoto akikanyaga, ko! ko! ko! darini kwake. Baba mkubwa, mtu mwema ila jirani akikohoa yeye huomba radhi, akawafundisha watoto kutembea kwa ncha za vidole. Mama yao alivumilia. Kwa watu ni kwa watu. Mpaka siku alipowapeleka uwanjani, akamwona kitindamimba wake akinyata juu ya nyasi, peke yake, huku wenzake wakikimbia. 

Usiku huohuo alimpigia simu mumewe, dereva wa malori ya masafa marefu. "Nyumba nachagua mimi."

"Chagua, mama watoto. Mimi kwangu ni kwenye lori."

Sasa, kwenye nyumba hii ya tatu, watoto wawili wakubwa wakaruka, puu! Hawajatua vizuri, sakafu ikajibu: ko! ko! ko!

"Ahsante, jirani!" fundi akapaza sauti akiinamia sakafu. "Umetupunguzia kazi!" Akashika njia ya ngazi.

"Nimeshampa mwenye nyumba neno langu!" baba mkubwa akalalamika nyuma yake. "Ni karibu na kwangu, shule ileee unaiona!"

"Basi hamia wewe na neno lako, shemeji. Wanangu hawakuja huku kunyata."

Dalali alijikuna kisogo. Alikuwa na nyumba nyingine, akasema, ila aliona haya kuionyesha. Iko juu ya gereji.

"Ya haya ndiyo tunayoitaka. Twende."

Vyumba vilikuwa viwili, vikinuka rangi ya magari, ukuta umebambuka, dirisha likitazama magari yaliyobondeka. Chini, nyundo ilikuwa ikila bati. Baba mkubwa akaziba masikio.

"Rukeni!"

Wale wakubwa wakaruka, wakashuka kama magunia. Nyundo ikanyamaza. Viatu vizito vikapanda ngazi, na mlangoni akatokea fundi wa kunyoosha bodi, uso mzima vumbi.

"Samahani sana, bwana," baba mkubwa akaanza, "watoto tu hawa, hawatarudia..."

"Watarudia!" Fundi cherehani akashika kiuno. "Kesho na keshokutwa. Na mimi nina cherehani ya kukanyaga. Kama una neno, liseme sasa hivi, tusije tukasumbuana."

Yule bwana akajifuta jasho. "Ninalo. Wapangaji wote waliopita hapa wamenishtaki kwa kelele zangu. Na wewe utanishtaki?"

"Nitashindana nawe."

"Hee! Utashindwa, mama." Akashuka akicheka.

"Watu watasema nini?" baba mkubwa akanong'ona. "Familia yetu, juu ya gereji!"

"Waseme kwa nguvu, shemeji. Huku hatusikii."

Ndipo akamwona kitindamimba. Alikuwa kwenye kona, bado juu ya vidole, macho kwenye sakafu, akingoja fagio.

Mama alimwendea. Alivua viatu, akapandisha sketi, akamshika mkono, na kwa unene wake wote akaruka. Vioo vikalia. Dalali akashika ukuta.

Mtoto akatega sikio. Kutoka chini ikaja nyundo, ikiendelea na kazi yake, haina habari na mtu. Akashusha kisigino kimoja. Akasikiliza. Akashusha cha pili.

"Mama," akasema, "sasa mimi."