Paka wa Wodi ya Wazazi

Jumatatu asubuhi nesi Isabel alimkuta Mariamo akipiga deki, akasimama mlangoni na kushusha pumzi kabla ya kusema.

"Dona Mariamo, jana tena. Paka kaingia wodini, kamlalia mtoto wa siku mbili miguuni. Mama yake kapiga kelele hospitali nzima ikaamka. Wakubwa wamesema ikifika Ijumaa paka bado wapo, italetwa sumu."

Mariamo hakuinua kichwa. "Wafie darini, waoze juu ya wazazi?"

"Ndivyo nilivyowaambia. Wakanijibu, basi tafuta njia wewe."

Njia ikawa Mariamo. Kila kisicho na mwenyewe pale hospitali kilimwangukia yeye: damu ya sakafuni, shuka zilizochanika, wagonjwa wasio na ndugu. Tangu arudi Mocímboa alikuwa akiamka amechoka na kulala amechoka, na katikati anafanya kazi.

Paka wenyewe walikuwa watatu. Walizaliwa miaka ile ya vita, watu walipokimbia mji ukabaki mtupu, hawakuwahi kushikwa na mkono wa mtu. Ukikohoa tu, wamepotea.

Mtego wa paka haukuwapo mji mzima. Mariamo alileta tenga la kuku kutoka nyumbani, akalifunika mdomo chini nyuma ya wodi, akainua ukingo mmoja kwa kijiti na kukifunga kijiti hicho mshipi wa kuvulia. Akaweka vichwa vya samaki chini yake, akajificha nyuma ya mlango wa chumba cha kufulia. Paka wa kwanza kuingia alikuwa jike mwenye mabaka, sikio moja limechanika. Mariamo akavuta. Tenga likaanguka, na jike likalipindua kama kikombe, likaruka ukutani, likatoweka.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu hapo jike lile lilikaa juu ya bati, likitazama.

Jumanne Mariamo aliweka tofali juu ya tenga, akaacha chakula bila kuvuta chochote, asubuhi na alasiri, ili wazoee. Jumatano madume mawili yalikula chini ya tenga bila wasiwasi, akayanasa moja baada ya jingine. Kila moja alilifunika kwanza kwa kapulana, kitenge chake kizito, kwa maana paka akiwa gizani hutulia, kisha akalisukumia guniani. Akayapeleka kwa shemeji yake Chaquir, mlinzi wa ghala la mchele, ambaye panya walikuwa wamemshinda.

"Bado mmoja," alimwambia.

"Huyo mmoja si mwache tu, shemeji?"

"Nikimwacha atakufa kesho kutwa."

Alhamisi jike halikushuka hata kwa pweza. Adhuhuri, Mariamo akibadilisha shuka, alisikia kilio chembamba juu ya kichwa chake. Akapanda juu ya benchi, akaingiza mkono kwenye tundu la dari. Watoto watatu wa paka, macho ndiyo kwanza yanafumbuka.

Alijua la kufanya, na halikumpendeza. Aliwaweka kwenye boksi la glavu, boksi akaliweka chini ya tenga, akarudi nyuma ya mlango na mshipi mkononi. Watoto walilia. Walilia mpaka wazazi wodini wakaanza kuulizana. Mgongo ulimuuma, magoti yakamfa ganzi.

Jike lilishuka karibu na alasiri. Lilizunguka tenga mara mbili. Likanusa kijiti, likaufuata mshipi kwa macho mpaka mlangoni, mpaka kwa Mariamo mwenyewe. Lilimwona. Kisha likainama, likaingia.

Mkono wa Mariamo haukuvuta.

Mwaka ule wa kukimbia, porini upande wa Awasse, yeye alijificha kwenye kichaka chake na mjukuu wake akabaki kichaka kingine. Watu wenye silaha walikuwa wakipita njiani, akizisikia hatua zao, na mtoto akaanza kulia. Mariamo aliinuka. Alijua kabisa anachofanya, akainuka, akatambaa mpaka kwa mtoto na kumziba mdomo kwa titi lililokauka. Wale watu wakapita. Siku ile hakukuwa na mtu aliyeshika kamba.

"Nisamehe, mama," alisema kwa sauti ndogo, akavuta.

Alikimbia akalikalia tenga. Chini yake jike lilipiga, likakwaruza, likanguruma. Mariamo alifunika kapulana na kukaa hapo hapo bila kutikisika. Baada ya muda purukushani ilikoma, na zikasikika sauti za kunyonya.

Isabel alitokea. "Umemwezaje huyu?"

"Sikumweza, mwanangu. Kaja mwenyewe. Nishikie huku."

Wakapitisha ubao chini ya tenga, wakakaza kwa kamba, na Mariamo akajitwika mpaka ghalani. Alimwambia Chaquir afunge milango kwanza, aweke maji, asimshike, na kwa siku kumi asiwatoe nje, ama sivyo watarudi walikotoka.

"Sawa, shemeji. Na wewe sasa nenda kapumzike."

Mariamo aliketi juu ya gunia la mchele afunge kapulana yake vizuri kabla ya kuondoka. Chaquir alipogeuka kumuuliza paka hula nini asubuhi, alimkuta amelala, kichwa kimeegemea ukuta, mikono imejaa mikwaruzo. Akaufunga mlango taratibu ili mwanga usimpige usoni.