Jina Alilojifichia Mama

…na sasa anakohoa, kikohozi cha moshi wa kuni, ningekitambua hata sokoni penye kelele zote, mama yangu huyu, anakohoa ndani ya masikio yangu hapa ofisini Miembeni mchana huu wakati kaburi lake kule Izigo limeshaota majani, alikufa kabla ya msimu wa senene, na senene wakaja wengi mno, nikanunua, nikakaanga, nikashindwa kula… "Dada Mastura, umefika wapi?" Farida huyo, kutoka meza ya dirishani, namwinulia kiganja, ngoja, ngoja kidogo, anasubiri nimalize kusikiliza ili aifute rekodi, maandishi yameshakamilika na kamati ya maadili ya utafiti inataka sauti zote zifutwe leo, eti kumlinda msimulizi asitambulike, na nani aliyeipigia debe kanuni hiyo kama si mimi, tena kwa mbwembwe, mbele ya ubao… nimlinde na nani sasa, mama wa watu ameshafunikwa na udongo… "wananiita Mama Buberwa," anasema, hapo hapo mwanzoni, kabla hata hajakaa vizuri, kigoda kinalia, na mimi ndiye mzaliwa wa kwanza, mimi, Buberwa nilimbeba mgongoni, Izigo nzima ilimwita yeye Mama Evodia, kwa jina langu, mpaka nilipoolewa na Lukmani wa Hamugembe, nikasilimu, nikaitwa Mastura, harusini hakuja, na Jumapili iliyofuata akawaambia wenzake wa kwaya pale nje ya kanisa, kuanzia leo niiteni Mama Buberwa, basi, hakulia, hakunilaani, alinitoa tu kwenye jina lake, kisha kila nilipokwenda kumsalimia alinipokea vizuri sana, vizuri kupita kiasi, akaniletea kahawa za kutafuna kwenye kisahani, kama anavyopewa mgeni, mimi niliyekuwa nikijichotea mwenyewe kapuni bila kuuliza, "karibu mgeni wetu," akanisukumia kisahani, nikatafuna, na uchungu wa kahawa ile mpaka leo… "baba yao alipofariki shemeji zangu walikuja kupima kibanja chetu cha migomba kwa macho," anasema, na Farida kimya, vizuri, hivyo ndivyo nilivyomfundisha, uliza swali moja tu, mama naomba unisimulie maisha yako, anzia unapotaka, kisha funga mdomo, usimchokonoe, usimwongoze, alichokiacha msimulizi nacho ni sehemu ya simulizi, niliyasema hayo na watu wakaandika, nikajiona mwerevu… sikuruhusiwa kumhoji mtu wa damu yangu, akaenda Farida, akarudi na kahawa kwenye mkoba, akasema, dada, leo nimepata mjane anayejua kusimulia, na nilipomwambia huyo ni mama yangu akadhani namtania, jina langu la zamani hakuliuliza wala mimi sikumtajia… mvua inaanza, hapana, si huku, ni mvua ya humo ndani ya rekodi, inapiga majani ya migomba, naisikia, na mama anapandisha sauti, "Mungu akanijalia watoto, Buberwa, na Kyaruzi," halafu ananyamaza… ananyamaza… mvua tu… sema basi, mama, bado mmoja, wa kwanza, uliyemzaa wakati wa kuchuma kahawa, ulinisimulia mwenyewe, uchungu ulikushika ukiwa shambani… muulize, Farida, muulize, hivi huyu mtu hana huruma, mwambie na mwingine je, mama, neno moja tu, lakini Farida amefundwa akafundika, haongezi neno, kuku analia mahali, na mama anasema, "hao ndio wanaoniangalia, nashukuru, mwanangu, nimemaliza," nimemaliza, maisha yake yote yamekwisha na mimi simo, nilingoja mama amwambie mtu baki kile alichoshindwa kuniambia mimi, nimekingoja kama mjinga, na sasa naweza kuvivua hivi vipokea sauti vya masikioni nimwambie Farida futa, futa tu, hata mimi nimeshafutwa… lakini bado inaendelea, Farida anamwambia kwamba jina lake halitaandikwa kwenye kitabu, achague jingine la kujificha, lolote alipendalo, majirani wasimjue… na mama anacheka kidogo, kile kicheko cha puani, "Kujificha? Basi niandike Evodia."

"Evodia," anarudia Farida, hana habari masikini, "hilo halipo hapa jirani, mama? Hawatakutambua?" na mama, "hawawezi, mwanangu, hilo jina watu wameacha kulitaja mbele yangu, muda sasa, nami silisikii tena humu ndani," mvua, mvua, kisha sauti yake inashuka, haisimulii tena, inaomba, "hebu niite nisikie," na Farida anamwita, "Evodia!" kwa sauti, kama mtu anayeita kutoka mlangoni kuelekea kwenye migomba, na mama anaitika, "Najaaa!" akiivuta vile vile, Mungu wangu, vile vile nilivyokuwa nikiivuta mimi nikiwa juu ya mpera sitaki kushuka, "alikuwa anaitika hivyo," anasema mama, "anaitika vizuri, halafu haji," na hapo anakohoa, au si kikohozi… nilijitafuta kati ya watoto aliowataja kumbe nilipaswa kujitafuta ndani yake yeye mwenyewe, mama, kwa hiyo ndani ya kitabu chetu ni wewe uliye Evodia, mjane wa Izigo, umelichukua jina nililoliacha ukakaa ndani yake, na kisahani kile cha kahawa, je, ulikuwa ukinifukuza au ulikuwa ukingoja nikatae, niinuke nikajichotee kapuni, kwa nini sikuinuka, kwa nini hukuniita, mara moja tu, ungeniita ningekuja, mama, ningekuja… rekodi imefika mwisho, mvua imekatika ghafla, Miembeni jua linawaka na Farida ameshika kipanya, "Dada Mastura? Nifute?" na mimi nimekandamiza mikono yote miwili masikioni, "naja," namwambia, "naja," wala siinuki.