Nyumba Mbili, Darasa Moja

Mhadhiri wa unasihi alipanga jozi za mazoezi kwa kufuata majina ya ukoo, na hivyo ndivyo Hakimu alivyojikuta ameketishwa uso kwa uso na msichana ambaye tangu mwaka wa kwanza alikuwa akimpita kama anavyopita pipa la taka.

Hakimu lilikuwa jina la utani ambalo binti huyu alipewa na baba yake utotoni, kwa sababu hakukubali mchezo uishe kabla ya kutamkwa nani amekosea. Jina likamganda hadi chuoni. Yule mwingine darasa zima lilimwita Kicheko. Alicheka kwa wepesi, hata kwenye vipindi vya takwimu ambako hakuna mwingine aliyewahi kuona cha kuchekesha. Hakimu peke yake hakumwita jina lolote. Akilazimika kumtaja kwenye simu na mama yake, alisema "mtoto wa yule mwanamke", na mama yake alielewa.

Walikuwa watoto wa baba mmoja. Walizaliwa mwaka uleule, Hakimu akitangulia kwa miezi michache, na hilo tu lilitosha kueleza mambo yote kwa mtu anayejua kuhesabu. Baba alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Kwa miaka mingi safari zake ziliishia katika nyumba mbili, na kila nyumba ilidhani ile nyingine ni barabara. Siri ilipopasuka, mama yake Hakimu alikwenda kwenye nyumba ya pili mchana kweupe, akatoa vyombo nje na kuvivunja uani kimoja kimoja, majirani wakiwa wamejaa ukutani. Baba hakurudi tena nyumba ya kwanza. Alihamia kule kule moja kwa moja.

Kwa upande wa akina Hakimu, kisa hicho kilisimuliwa kama ushindi wa vita. Mjomba wake alikuwa fundi wa kukisimulia. Aliigiza mpaka mlio wa bakuli la udongo, watu wakashika mbavu. Hakimu alikua akikicheka pamoja nao.

Pengine ndiyo sababu alichagua saikolojia, ingawa akiulizwa alisema anapenda kuelewa watu. Watu wenyewe hawakutaka kueleweka. Bwenini wenzake waliosoma uhandisi walifunika nyuso akiingia, wakamwambia asiwasome. Shangazi zake walimpigia simu wakimtaka awaambie waume zao wanawaza nini. Mama yake alisema kwamba kulipa karo ili ufundishwe kusikiliza ni ujinga, maana masikio ni ya bure. Hakimu alizoea. Kilichomshinda ni kukaa ukumbi mmoja na mtoto wa yule mwanamke, kusikia mhadhiri akifundisha jinsi mtoto anavyojenga imani kwa mzazi anayekuja na kuondoka, kisha kuona ile shingo, mistari mitatu mbele yake, ikiinama kuandika yaleyale. Alihisi kama ameibiwa hata huzuni yake.

Mhadhiri walimwita Mama Kimya, kwa kuwa angeweza kuuliza swali na kuacha darasa likae bila jibu mpaka mtu atoke jasho. Alipowatangazia jozi yao alisema kwa utani kwamba wenye ukoo mmoja huelewana haraka. Hakuna aliyecheka, hata Kicheko.

Zoezi lilikuwa rahisi kulieleza. Wawili wanaingia chumba kidogo chenye viti viwili na boksi la karatasi laini za kufutia machozi. Mmoja ni mteja, anazungumza jambo lake la kweli, hata likiwa dogo. Mwingine ni mnasihi: hashauri, habishani, hasimulii ya kwake. Anasikiliza, kisha anamrudishia mteja alichokisikia, bila kuongeza chumvi. Ukuta mmoja ni kioo, na nyuma ya kioo hicho darasa limekaa gizani likitazama.

Zamu ya kwanza Hakimu alikuwa mnasihi. Alitarajia porojo za bwenini. Kicheko aliketi, akakunja mikono, akamtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu wajuane.

"Nikiwa na miaka saba," alisema, "mwanamke mmoja aliingia kwetu. Mama yangu alikuwa sokoni. Nilijificha nyuma ya pazia la jikoni. Alivunja vyombo vyote, hata kikombe changu. Mpaka leo sahani ikidondoka kantini, najikuta nimeshika ukuta."

Katika masimulizi ya mjomba wake Hakimu hapakuwa na mtoto. Palikuwa na sahani, majirani na mama yake aliyesimama kama jemadari. Alijua fika kanuni ya zoezi, na alijua pia kwamba watu wapatao thelathini walikuwa wakimtazama. Akasema kwa sauti tulivu kabisa, ile sauti ya kinasihi waliyofundishwa:

"Nimekusikia ukisema mama yako alikaa na mume wa mtu miaka yote hiyo, na leo wewe unalilia kikombe."

Nyuma ya kioo kiti kilikwaruza sakafu. Kicheko hakulia. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepata jibu alilolitarajia. Mlango ukafunguliwa, na Mama Kimya akawaambia watoke wote wawili.

Ofisini kwake hawakuwa na pa kujificha. Waliulizwa kuna nini, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kuanza, kimya kilikaa hadi Hakimu akakishindwa, akasema ni ndugu wa baba mmoja. Mhadhiri aliwaomba radhi kwa kuwapanga pamoja bila kujua, akasema anaweza kuwatenganisha siku hiyo hiyo. Kicheko akakataa. Hakimu naye akakataa, si kwa sababu alitaka, bali kwa sababu mwenzake amekataa. Basi Mama Kimya akaagiza warudie wiki inayofuata wakiwa wamebadilishana viti, mara hii bila watazamaji, yeye peke yake nyuma ya kioo. Alimwambia Hakimu kwamba alichokifanya si kukosea mbinu. Ameichukua mbinu akaifanya kisu, na akirudia tena atalirudia somo zima mwakani.

Wiki hiyo darasa liligawanyika. Habari zilikuwa zimevuja, kama zinavyovuja siku zote. Waliokuwa upande wa Kicheko waliacha kumwachia Hakimu nafasi mezani. Waliokuwa upande wa Hakimu walimsifu kwa ulimi wake, na sifa hizo zilimchukiza kuliko lawama. Usiku alijifunika shuka mpaka kichwani akijiambia kwamba amesema kweli tupu. Lakini akifumba macho aliona pazia.

Siku ya marudio aliingia amejiandaa kuongelea jirani yake wa bwenini anayeazima pasi na kuirudisha imeungua. Akaketi. Kicheko akaketi mbele yake, miguu pamoja, mikono mapajani, uso mtulivu, kama picha ya kitabuni. Utulivu huo ndio uliomvuruga Hakimu. Pasi ikamtoka kichwani.

"Nina ndugu nisiyemtaka," alisema. "Natamani asingezaliwa. Namaanisha wewe."

"Nimekusikia ukisema unatamani nisingezaliwa."

"Ndiyo."

"Endelea."

Hakimu akaendelea. Alitaka kuumiza, na maneno yalimtoka kama maji ya bomba lililopasuka. Alieleza jinsi alivyokuwa akilijua lori la baba kwa honi yake na kukimbilia getini, na jinsi alivyoendelea kukimbilia kila honi baada ya baba kuhama, mpaka mama yake akamchapa kwa hilo. Alisema kila siku ambayo baba hakuwa kwao, alikuwa kwa akina Kicheko, akila, akicheka, akimsaidia mtu mwingine kazi za shule. Alisema kicheko chenyewe ni cha baba, na kila akikisikia darasani anatamani kukizima kwa kiganja.

Kicheko alimrudishia yote, moja baada ya jingine, bila kupunguza tusi hata moja. Honi alizirudia kwa sauti ya chini zaidi. Hakusema pole. Hakusema hata kwamba kwao baba alikuwa akilala sebuleni na kuondoka alfajiri bila kuaga. Hilo Hakimu alikuja kulijua baadaye, kwa mtu mwingine. Kicheko alisikiliza vizuri, na hilo lilimuuma Hakimu kuliko kama angetukanwa. Wote wawili walipewa alama za kufaulu. Walitoka kwa milango tofauti.

Mambo yangeishia hapo kama baba asingesikia. Mama yake Kicheko alimwambia kwamba mabinti zake wamekutanishwa darasani, naye akakielewa kipande alichokipenda tu. Jumamosi moja alitokea chuoni, shati limepigwa pasi, anang'aa kama bwana harusi. Kila mmoja alimwita kwa simu bila kumwambia kwamba na mwenzake ameitwa. Walipofika kantini na kuonana walikuwa wamechelewa, ameshavuta viti na kuagiza soda. Alimwambia mhudumu kwamba hawa wote ni wake, tena wanasaikolojia. Akamtaka awapige picha.

Hakimu alikataa picha. Kicheko akageuza uso. Baba akacheka, cheko lile lile, akasema damu ni nzito kuliko maji na kwamba ya kale hayanuki. Ndipo akaeleza, kwa upole wa mtu aliyeonewa maisha yake yote, kwamba yeye hakuwa na ugomvi na mtu.

"Mama zenu ndio waliowagombanisha," alisema. "Mimi nilikuwa katikati tu."

Kicheko akasema, bila kucheka, "Nimekusikia ukisema mama zetu ndio waliotugombanisha."

"Hasa."

"Nimekusikia ukisema ulikuwa katikati tu," Hakimu akasema.

"Ndiyo maana yake. Mwanamume atafanyaje?"

"Nimekusikia ukiuliza mwanamume atafanyaje."

Hawakuwa wamepanga. Hawakutazamana hata mara moja. Lakini kila alichokisema baba kilirudi mezani kilivyo, mara kwa sauti hii, mara kwa ile. Alisema alizipenda nyumba zote mbili, kikarudi. Alisema alidanganya ili asimuumize mtu. Kikarudi, na safari hii alikunja uso, kama aliyeonjeshwa chakula alichokipika mwenyewe. Akagonga meza. Akawaambia wamekuwa majeuri, wamefundishwa kudharau wazazi, na kama huo ndio usomi bora wangebaki nyumbani. Akaondoka soda zikiwa hazijafunguliwa.

Mabinti wale walibaki wamekaa. Hakimu alihisi furaha kali iliyofuatwa papo hapo na aibu, kwani alikuwa amemwona baba yake akitembea kuelekea getini, na mgongo wake ulikuwa umezeeka. Kicheko alinyanyuka, akasema tu kwamba asifikirie sasa wao ni marafiki. Hakimu akamjibu kwamba hakuwaza hivyo hata kidogo.

Baba alizifikisha habari hizo katika nyumba zote mbili, ile ya kwanza kwa simu, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya sahani nyumba zile zikakubaliana jambo: kwamba chuo kimewaharibu watoto. Mama yake Hakimu alipiga simu kumsuta. Hakimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama siku ile aliingia jikoni kabla ya kuvunja vyombo. Mama akauliza anauliza nini.

"Kulikuwa na mtoto nyuma ya pazia."

"Niliona miguu yake," mama akasema. "Nikaendelea." Kisha sauti ikamkauka, akamuuliza binti yake siku hizi yuko upande gani, na hakungoja jibu.

Hakimu alikaa na neno hilo siku kadhaa bila kujua la kulifanyia. Walikuwa wamefundishwa kwamba kumbukumbu haitunzwi kama nguo sandukuni. Kila unapoitoa, unaishona upya. Ukoo wake ulikuwa umeishona hii kwa miaka mingi, na kila aliyeshika sindano alimwacha mtoto nje ya kitambaa. Mwishowe alimfuata Kicheko kwenye ngazi za maktaba, akamwambia bila salamu kwamba siku ya vyombo mama yake Hakimu alijua kuna mtoto mle ndani. Aliiona miguu yake.

"Najua," Kicheko akasema. "Alifunua pazia akanitazama. Halafu akalirudisha."

Hakimu akasema samahani, na samahani yenyewe ilitoka ngumu, nusu ya hasira, kama mtu anayerudisha kitu ambacho hakukiiba yeye. Kicheko akamwambia amesikia, akapanda ngazi.

Muhula uliofuata waliomba jozi nyingine, na wote wakakubaliwa. Darasani waliendelea kukaa mbalimbali. Wakikutana mlangoni, mmoja humpisha mwenzake, na anayepita hashukuru.