Jembe la Siku ya Tatu

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hata kwetu Kivu tunasema hivyo. Ndiyo maana wiki ilipopita bila Mama Winfrida kunikabidhi jembe, huku akitushibisha viazi na chai ya maziwa, nilianza kumtilia shaka.

Nilikuwa na sababu. Vita vilipotuulia wazazi, waliotulisha vizuri kuliko wote ndio waliotaka kumchukua mdogo wangu, Elia, akawabebee risasi. Tulitoroka usiku uleule. Kigoma tukampata sista mmoja, akatuleta huku milimani Uluguru kwa mjane huyu mkulima wa karoti. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, Elia minane, na nilikuwa nimeapa kwamba hakuna atakayetutenganisha.

Alasiri moja kaka yake Mama, Mzee Anselmi, alipanda kutoka Kihonda. Nikamwamkia shikamoo. Akanitazama kuanzia utosini hadi kwenye nyayo, kisha nikatumwa maji. Maji gani! Nilizunguka nikajibanza nyuma ya jiko.

"Huyu binti ndiye tunayemtaka," Anselmi alisema. "Mvulana akikua ataondoka, akaoe kwa watu. Huyu abaki hapa."

"Ndilo nililokuitia, kaka. Ila asijue mpaka wazee waje kesho."

Wazee! Binti akiitiwa wazee ni jambo gani kama si mahari? Kumbe nilikuwa nanoneshwa kama mbuzi wa sikukuu.

Alfajiri niliiba kisu na viazi vinne, nikamshika Elia mkono, tukateremka. Hatukufika mbali. Wazee watatu, Anselmi mbele yao, walikuwa wanapanda njia ileile, tukajitupa kwenye maharage. Mara sauti ya Mama ikasikika juu yetu, imekauka kwa kuita.

"Theresia! Elia kaacha sweta! Mtoto atapata homa huyo!"

"Niko hapa!" Elia akaitikia. Mjinga yule, kwa sababu ya sweta tu.

Nikasimama mbele yake na kisu changu. "Siolewi! Na mdogo wangu hamumpeleki popote!"

Wazee wakasimama njiani. Anselmi akaketi kwenye ukingo wa shamba, akahema.

"Nani kasema kuolewa? Sisi Waluguru ukoo unapita kwa mama. Dada yangu ana wavulana watupu, wote wamehamia kwa wake zao. Shamba halina binti wa kulirithi. Tumekuja kukuingiza kwenye ukoo."

"Na Elia?"

"Elia ndiye mjomba wa watoto utakaowazaa. Hata akioa mbali, hakuna neno la nyumba yako litakaloamuliwa bila yeye. Nani awatenganishe?"

Nikamgeukia Mama. "Mbona hukunipa jembe?"

"Kabla hujakatiwa shamba? Ningekulimisha kama kibarua, mwanangu." Alikuwa analia. Akakitoa kisu mkononi mwangu taratibu, akanishikisha jembe jipya alilokuja nalo Anselmi.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikatoa vile viazi vinne mfukoni, nikamrudishia.

"Kavipande," akasema, akimvalisha Elia sweta. "Shamba lako hilo."